Valvu ya Nne

Taarifa ya kifo cha Fundi Rajabu ilinikuta nachambua mchele, hapa Tinde, mkono mmoja kwenye ungo na mwingine umeshika simu. Aliyepiga ni binti yake, ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Alisema namba yangu ameipata kwa mtu wa Nyarugusu, na kwamba baba yake amezikwa Tabora juzi, mazishi yamekwenda salama. Nikampa pole, akashukuru. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa mimi na baba yake tulikuwa tunajuanaje. Nikamwambia nilikuwa napiga baritoni kanisani, na baba yake aliwahi kunitengenezea. Akasema, "Baba? Kanisani?" Nikajibu kwamba ni habari ndefu, nitampigia. Sijampigia. Nimekaa na hiyo habari ndefu siku kumi sasa, na kila nikijaribu kuipanga inanivuruga kichwa vilevile kama ilivyonivuruga nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Wajukuu wangu wananiuliza bibi mbona unaongea peke yako. Basi bora niandike.

Habari za kwetu nitaziacha. Wapo ndugu zangu wanaozijua vizuri kuliko mimi, na wana ugomvi wao juu yake. Nianze na banda. Mwaka huo nilikuwa Nyarugusu, ile ya Geita, kwa shangazi yangu, Mama Shija, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji kwenye banda la mabanzi kando ya njia ya kwenda kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu. Asubuhi walipita kila mtu na rangi yake, mchana walirudi wote rangi moja, weupe kwa vumbi la mawe kuanzia nyusi hadi kwenye kandambili, na ilibidi uwatambue kwa sauti. Mimi niliwatambua. Mtu aliagiza ugali kwa dagaa akiwa bado nje, nami nilishajua ni yule wa Kigoma anayevuta maneno, au yule Mzinza mwenye kikohozi. Karasha, mashine yao ya kusaga mawe, ilinguruma kutwa nzima hatua kama mia kutoka jikoni, na nilikuwa naweza kumwambia shangazi, huku nakoroga maharage, kwamba leo mkanda umelegea. Haipiti saa moja tunasikia imezimwa, mkanda unakazwa. Shangazi alicheka, akasema ningezaliwa mwanaume ningepata kazi pale. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu mwaka huohuo watu wazima wenye akili zao timamu walikubaliana kwamba mimi sina sikio, nami nikawaamini.

Kanisa letu lilikuwa na bendi ya matarumbeta, vyombo vya zamani vya misheni vilivyopita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, vingine vimebonyea kama sufuria za shule. Mazoezi tulifanyia stoo, nyuma ya kanisa, chumba chembamba chenye dirisha moja, nusu yake ikiwa imejaa magunia ya mahindi ya sadaka ya mavuno. Wapigaji wa besi walikaa juu ya magunia. Mle ndani mlinuka mahindi, na mafuta ya cherehani tuliyopaka kwenye valvu, na mate ya watu wasiojulikana yaliyokaukia ndani ya shaba miaka na miaka, na harufu hiyo niliipenda mno, hadi nilikuwa nawahi kabla ya wenzangu ili niwe nayo peke yangu. Kiongozi wetu, Mwalimu Elikana, alifundisha shule ya msingi. Alikuwa mrefu, anafunga tai hata Jumamosi, na hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyenipa ile baritoni, mpigaji wake wa mwanzo alipokimbilia Segese kufuata dhahabu na kuiacha inaning'inia msumarini. Wanaume walinung'unika kwamba msichana atalibebaje dude lile. Mwalimu akasema mwacheni apulize kwanza. Nikapuliza, sauti ikatoka nene, ikanitetemesha hadi mbavuni, na tangu saa ile mtu angeniuliza nataka nini duniani ningemwambia nataka kubaki na baritoni, basi. Wala sikuwa na la pili.

Kwa asiyewahi kuishika, baritoni ni bomba refu la shaba lililokunjwakunjwa, na jinsi bomba linavyokuwa refu ndivyo sauti inavyokuwa nzito. Valvu ni vile vitufe vitatu vya kubonyeza. Ukibonyeza kimoja, pumzi inachepuka, inazunguka kwenye kibomba cha pembeni kabla ya kurudi njia kuu, kwa hiyo bomba limerefuka na sauti inashuka. Cha pili kinashusha kidogo, cha kwanza kinashusha zaidi, cha tatu kinashusha kuliko wenzake, na kwa sauti za chini unabonyeza viwili au vyote kwa pamoja. Tatizo langu lilikuwa sauti moja tu, ile ya kubonyeza cha kwanza na cha tatu. Na balaa ni kwamba nyimbo zetu nyingi ziliishia hapohapo. Ilikuwa desturi yetu pale kwamba mwisho wa wimbo matarumbeta madogo yananyamaza, waimbaji wananyamaza, zinabaki besi zinashikilia ile sauti ya chini kwa muda mrefu, watu wamesimama wamefumba macho, hadi Mwalimu akunje ngumi. Tulikuwa watatu tunaoishikilia: Mzee Petro na mwanawe kwenye besi kubwa, na mimi. Kila tulipofika pale Mwalimu alikunja uso. Alisema, Kabula, unazama. Alisema, Kabula, wasikilize wenzako. Nami niliwasikiliza, na nilichosikia ni kwamba wao ndio wamepanda, kama watu waliosimama kwa ncha za vidole, na mimi ndiye niliyekanyaga chini. Lakini wao walikuwa wawili, wanaume, mmoja amepiga besi tangu sijazaliwa. Utabishana vipi?

Siku moja nilikuwa nyuma ya banda naosha masufuria, na wanakwaya wawili wamekaa upande wa pili wa turubai wanakunywa chai kwa michembe ya viazi vitamu. Walizungumza juu ya kitambaa cha sare, wakahamia kwa mchungaji, wakahamia kwangu. Mmoja alisema yule mpwa wa Mama Shija mapafu anayo, ila sikio limekufa, masikini. Mwingine akasema labda ni karasha, anaishi karibu na karasha mno. Hawakusema kwa ubaya, na ndicho kilichoniuma zaidi, walikuwa wananihurumia. Wiki hiyohiyo Mwalimu alitangaza kwamba kanisa jipya litazinduliwa baada ya mavuno, kwaya za wageni zitakuja kutoka Geita mjini, na siku hiyo ndiyo atakayoamua nani anabaki na chombo na nani anarudisha. Hakunitazama. Wengine wote walinitazama. Nilianza kufanya majaribio ya kijinga: naziba sikio moja, naziba la pili, nainamisha kichwa kwenye pipa la maji napuliza. Kuna siku nilimwambia shangazi karasha imelegea mkanda, kisha nikajishika mdomo, nikajiuliza nimejuaje ikiwa sikio limekufa.

Hapo ndipo springi ya valvu ya kwanza ilipokatika, na Mwalimu akanituma kwa Fundi Rajabu. Huyu alikuwa Mnyamwezi, Mwislamu, mtu mzima wa makamo, aliyetengeneza pampu za kuvuta maji mashimoni na kompresa za kupeleka hewa kwa wachimbaji walioko chini. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali kilichojaa mipira ya pampu, koki, na pistoni zilizopangwa kwa ukubwa juu ya magazeti, na ndani yake palikuwa pasafi kuliko jikoni kwetu. Hakuwahi kufungua tarumbeta maishani. Alilifungua lile langu polepole, akachomoa valvu zote tatu, akaziangalia zile njia zilizotobolewa ubavuni, akavuta pumzi kwa mshangao, akasema kumbe ni pampu tu hii, ila aliyeitengeneza alikuwa na mikono. Springi aliipata kwenye makorokoro yake. Kisha akataka kuisikia inavyofanya kazi. Nilipiga kuanzia juu kushuka, na kabla ya kufika kwenye ile sauti nikaomba radhi mapema, nikamwambia hii inayokuja itakuwa mbaya, sikio langu ni bovu. Nikaipiga. Akaniambia nirudie. Nikarudia, naye hakuwa anatazama baritoni, alikuwa ananitazama mimi mdomoni.

"Ukibonyeza hivi viwili, midomo yako inalegea," alisema. "Unaifanyaje?"

Nikamwambia sifanyi kitu.

"Unaitengeneza kwa mdomo. Usiitengeneze. Iache itoke ilivyo."

Ilinichukua muda kuelewa anachotaka, maana midomo ilikuwa inafanya mambo yake bila kuniuliza. Nilipofaulu kuikaza, sauti ikatoka, na ilikuwa ileile ya Mzee Petro na mwanawe, ile ya ncha za vidole. Nilishtuka. Fundi akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia imepanda. Akasema hata yeye anasikia imepanda, na yeye hajui wimbo hata mmoja, ila anajua kitu kinachovuma sawa na kitu kinachovuma vibaya. Akachukua uzi, akapima vile vibomba vya pembeni, akaandika kwa chaki sakafuni, akapima tena hadi chai yake ikapoa. Halafu akaniuliza napikaje maharage. Niliona ameanza kunitania. Akasema, sufuria ya maharage unaitia chumvi kiasi gani. Nikamwambia kijiko kimoja. Na ukiongeza maharage mengine mle ndani, kile kijiko kimoja kinatosha? Nikasema hakitoshi, chumvi itapungua. Basi, akasema, hiki kibomba cha tatu kimepimwa kwa bomba tupu. Ukibonyeza na cha kwanza, bomba limeshakuwa refu, na hicho cha tatu ni kilekile, hakitoshi tena. Sauti haishuki inavyotakiwa, inabaki juu. Nikamuuliza, kwa hiyo si mimi? Akasema si wewe, ni bomba, na besi zao zikiwa na valvu tatu kama hii basi nazo ni hivyohivyo. Nililia palepale, mbele ya mteja aliyeleta pampu. Sioni aibu kusema. Miezi mitano nilikuwa najiona nina kasoro mwilini, na mtu mmoja ananiambia kwa uzi na chaki kwamba sina.

Ningeishia pale ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini Fundi Rajabu alikuwa wa wale watu ambao kosa likishaonekana hawawezi kulala nalo. Kwanza alirefusha kibomba cha tatu, nikafurahi, ile sauti ikakaa sawasawa. Nikajaribu nyingine zinazotumia cha tatu bila cha kwanza, zote zikawa zimezama kweli. Amefunika huku, kumefunuka kule. Akakirudisha kilivyokuwa, akasema kibomba kimoja hakiwezi kuwa na urefu wa aina mbili, labda kiwe na njia mbili. Siku kadhaa zikapita. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana kutoka bandani, wali kwa maharage, anakula anatazama ukuta. Kisha nikamkuta ameshika koki ya shaba, ya kompresa iliyokufa, ya aina ile unayogeuza robo duara. Akachomoa moyo wa ile koki, akautoboa upya njia mbili zinazopitana, akalehemu kijibomba kifupi kama kidole pembeni, akaunganisha vyote na kibomba cha tatu, na akavuta waya hadi mahali ambapo dole gumba langu la kushoto lilikaa. Nikivuta waya, koki inageuka, pumzi inapita kwenye kile kijibomba cha ziada. Nikiachia, springi inairudisha. Ilikuwa valvu ya nne, na sidhani kama aliwahi kuambiwa na mtu kwamba kitu cha namna hiyo kinawezekana.

Ya kwanza aliiharibu. Aliisaga kwa ile pesti yenye mchanga wanayosagia valvu za injini, kwa mazoea ya kazi, na kwa kuwa ilikuwa bado nzito akaisaga tena, ikawa inazunguka laini ajabu, tukashangilia. Nilipopuliza ikatoa mlio wa tairi linalopungua. Akaitumbukiza kwenye beseni lake la kupimia pancha, mapovu yakatoka pande zote. Alicheka hadi akakaa chini. Alisema ameitendea kama injini, na injini ina nguvu ya kusukuma, mimi nina mapafu tu. Akatafuta koki nyingine, na hiyo aliisaga kwa jivu la kuni za shangazi lililochekechwa kwa kitambaa, wiki nzima, kidogo kidogo, anasaga, anaosha, anatumbukiza, anahesabu mapovu. Siku ambayo hakukuwa na povu hata moja aliniita. Nikabonyeza cha kwanza na cha tatu, nikavuta waya, nikaiacha midomo ikae. Ile sauti ikatoka imetulia, pana, bila mimi kuisaidia, na vikombe juu ya rafu vikaitikia.  Fundi alitandika mkeka wake akaswali, muda wenyewe ulikuwa umefika, na mimi nikakaa mlangoni nimeikumbatia baritoni, sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na furaha namna ile, na nimezaa watoto wanne.

Mazoezi yaliyofuata niliingia stoo kifua mbele. Mwalimu aliona ule waya na ile koki akaniuliza kidude gani hicho, nami badala ya kumweleza nikaogopa, chombo ni cha kanisa na kimetobolewa, nikamwambia ni cha kutolea mate. Akaridhika. Tukapiga wimbo wa uzinduzi mwanzo hadi mwisho. Madogo yakanyamaza, waimbaji wakanyamaza, nikavuta waya. Ikawa mbaya kuliko siku zote. Zamani nilikuwa nazama nusunusu, kwa mdomo, nikisikia aibu nakaza. Sasa nilikuwa nimesimama kabisa mahali pangu na wao wamesimama kabisa pao, na katikati yetu sauti ikawa inapigapiga kama bati lililolegea. Mzee Petro aliondoa mdomo kwenye chombo akanitazama. Mwalimu akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Kabula, mwanangu, tumebakiwa na wiki mbili." Nilitaka kusema ni mabomba yenu. Nilikuwa na lile jambo la chumvi lote kichwani. Nikafungua mdomo, nikaona nyuso kumi zinazonihurumia, na ghafla hata mimi sikuwa na hakika tena. Watu wale wameimba kwa sauti ile miaka mingi, waumini wameizoea, watoto wameipokea hivyo kwa wazazi wao. Kama kila mtu yuko juu, juu iko wapi? Nimejiuliza swali hilo hadi leo na sijapata mtu wa kunijibu bila kuniona nimechanganyikiwa.

Fundi Rajabu hakuchanganyikiwa hata kidogo. Nilipomweleza, alisema niwaambie walete na hizo besi, atazitengenezea zote, koki anazo. Nikamwambia hawawezi kukubali. Akafikiri, akasema basi wewe ishikilie ile ya kweli, usiyumbe, wao wenyewe wataisikia na watakufuata kwa midomo, kama wewe ulivyokuwa unafanya. Aliamini hivyo kwa moyo mmoja. Kwake yeye kitu kilichonyooka kikiwekwa karibu na kilichopinda, kila mwenye macho anaona. Nilitaka kumuuliza kama ameishi na watu au na pampu tu. Badala yake nikamwomba aje siku ya uzinduzi aisikie valvu yake. Akasema ndani hawezi kuingia, ila atasimama dirishani, kwani dirishani ni nje.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na bati jipya lilikuwa linatoa milio juu yetu kwa kutanuka. Kanisa lilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi za madhabahu. Nje wanawake wanapakua pilau, harufu yote inaingia ndani, wageni kutoka Geita wamevaa sare za rangi ya samli. Nilimwona Fundi kwenye dirisha la pili upande wa kushoto, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia, amesimama peke yake kama mtu aliyekuja kwenye mtihani wa mwanawe. Tukapiga. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Ulipofika ule wa mwisho nilikuwa nimeshaamua, nitavuta waya, liwalo na liwe, na dole gumba langu lilikuwa juu yake likitoa jasho. Madogo yakanyamaza. Waimbaji wakanyamaza. Mwalimu akanigeukia mimi, si wengine, mimi, na usoni hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi wa mtu anayekuombea. Nikabonyeza cha kwanza na cha tatu. Waya sikuuvuta. Midomo nikaikaza isilegee, nikaiacha sauti itoke ilivyo.

Ikaingia ndani ya zile mbili kama maji ndani ya maji. Hapo ndipo ninapopotea kila nikisimulia, kwa sababu ilikuwa nzuri. Ningependa kusema ilikuwa mbaya na mimi nilijua. Sikio langu lilijua kwamba imepanda, na mwili mzima ulikuwa unasisimka, bati linatetemeka, watu wamefumba macho, mama mmoja ameinua mikono machozi yanamtoka, na nilikuwa mmoja wao. Mwalimu alichelewa kukunja ngumi, aliiacha iende, iende. Ilipokatika kanisa lote lilishusha pumzi. Alikuja akanishika bega mbele ya watu akasema, "Leo umesimama." Mzee Petro akanipa mkono. Wale wanakwaya wawili wakanikumbatia, wakasema Mungu amejibu. Baritoni ikawa yangu, hakuna aliyeuliza tena, na niliipiga miaka sita, hadi nilipoolewa nikahamia huku. Nilipotazama dirishani hapakuwa na mtu.

Nilimkuta karakanani kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nimeyaandaa kwa mpangilio, kwamba nisamehe Fundi, niliogopa, wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi na bado nimewachagua wao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama machoni. Alisema alisikiliza hadi mwisho na ile sauti hakuisikia, alisikia ya zamani. Hakulaumu. Aliuliza tu kilitokea nini. Na uso wake ulikuwa umechoka sana, wa mtu aliyekesha akihesabu makosa yake mwenyewe, nami nikaona njia ya mkato imefunguka mbele yangu, nikaipita.

"Ilikwama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anaogopa hilohilo. Akanyoosha mikono nimpe baritoni. Akafungua ile koki, akaiosha, akaikausha kwa kitambaa safi, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akaitumbukiza kwenye beseni. Hakukuwa na povu hata moja. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka. Akaizungusha tena. Akasema lazima ni joto, watu walikuwa wengi mle ndani, shaba imetanuka na yeye aliibana mno, kosa ni lake. Nikasema labda.

"Ilikwama ikiwa imefunguka au imefungwa?"

"Imefungwa," nikasema.

Akachukua tupa ndogo, akaanza kupunguza shaba mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote. Aliniomba nimshikie, nami nikaishika baritoni kwa mikono miwili, isitikisike.